Keshia kafukuzwa, bosi kapandishwa cheo: sheria humfikiaje mkurugenzi?

SWALI: Shikamoo mwanasheria. Nafanya kazi katika tawi la benki moja mkoani Morogoro. Mwaka jana wakaguzi waligundua akaunti ambazo wateja wenyewe hawakuwa na habari nazo. Wenzangu wanne wa kaunta wamefukuzwa wiki iliyopita. Meneja wa kanda, ambaye kila jioni alikuwa akitupigia simu kuuliza leo tumefungua ngapi, kapandishwa cheo na sasa yuko makao makuu. Dagaa wamevuliwa, papa anaogelea. Je, kuna sheria popote duniani inayomfikia mkubwa? Na mimi niliyebaki kazini, tena nina hisa chache za benki hiyohiyo, nifanye nini? – Dada wa kaunta, Morogoro

JIBU: Marahaba, dada. Umeuliza habari za papa, lakini niruhusu nianze na dagaa wako wanne, maana wao muda unawakimbia. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Zikipita, itabidi kwanza waombe kuongezewa muda na waeleze kwa nini wamechelewa, na kesi nyingi nzuri zimefia hapo. Waambie leo.

Wakifika Tume, kazi ya kuthibitisha kwamba sababu ya kuwafukuza ilikuwa halali ni ya mwajiri, si yao. Na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zile za Tangazo la Serikali Namba 42, zinataka liulizwe swali ambalo mawakili wengi wa wafanyakazi hulisahau: je, mwajiri ameitumia kanuni iliyovunjwa kwa usawa siku zote? Hapo ndipo jina la meneja wa kanda linapoingia chumbani. Sisemi hoja hiyo peke yake itawarudisha kazini. Aliyeghushi saini ya mteja ameghushi, hata kama alipigiwa simu mara kumi. Ila benki italazimika kujibu, mbele ya mtu asiye wa benki, nani aliyepanga tageti, nani aliyezifuatilia, na kwa nini mkono umekamatwa huku kichwa kikipewa ofisi kubwa zaidi.

Sasa tuje kwa papa.

Niliposoma barua yako nilikumbuka kisa cha Wells Fargo, benki kubwa ya Marekani yenye makao yake San Francisco. Nitakisimulia kwa urefu, kwa sababu sijui kisa kingine kinachoonyesha vizuri namna hii mkubwa anavyoponyoka, na namna anavyonaswa akinaswa.

Benki hiyo ilijiwekea lengo la kila familia iliyo mteja wake kuwa na bidhaa nane: akaunti ya hundi, ya akiba, kadi, mkopo na nyinginezo. Kwa nini nane, si tano? Mkurugenzi mtendaji, John Stumpf, alikwisha kuwaeleza wanahisa katika taarifa ya mwaka 2010 kwamba ni kwa sababu neno "nane" kwa Kiingereza lina kina kimoja na neno lenye maana ya "bora sana". Kina cha shairi kikawa tageti ya keshia. Kila Januari kulikuwa na kampeni ya kuufungua mwaka, na tageti za kila siku zilipandishwa. Katika baadhi ya maeneo hesabu za mauzo zilikusanywa hadi mara nne kwa siku. Meneja wako wa jioni, ukimlinganisha, alikuwa mpole.

Watu walifanya kile ambacho watu hufanya. Wakafungua akaunti bila wateja kujua, wakaweka namba za siri wenyewe, wakaandika anwani za barua pepe za kubuni ili mteja asipate taarifa. Gazeti la Los Angeles Times liliandika habari hizo Desemba 2013. Ilipofika Septemba 2016 benki ilikubali kulipa faini ya dola milioni 185, na hapo ndipo umma uliposikia kwamba wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kwa miaka mitano. Akaunti zilizotiliwa shaka zilihesabiwa kwanza kuwa kama milioni 2. Mwaka uliofuata hesabu ikafika milioni 3.5.

Na wakubwa? Carrie Tolstedt, mama aliyeongoza kitengo hicho cha matawi, alikuwa ametangaziwa kustaafu Julai 2016, miezi miwili tu kabla ya faini, kwa sifa tele kutoka kwa Stumpf. Hisa na haki za hisa alizokuwa anaondoka nazo zilitajwa kuzidi dola milioni 120. Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa nakala ya kisa chako.

Hakikuishia hapo. Tarehe 20 Septemba 2016 Stumpf aliitwa mbele ya kamati ya Seneti, na seneta Elizabeth Warren akamwambia usoni ajiuzulu, arudishe fedha alizopata wakati wa udanganyifu huo, na achunguzwe. Wiki tatu baadaye akaondoka. Bodi ilimnyang'anya hisa za dola milioni 41, na Aprili 2017 ikaongeza milioni 28. Tolstedt naye alipoteza milioni 19 kwanza, kisha haki za hisa za zaidi ya milioni 47. Bodi ikabadilisha hata kustaafu kwake, ikaandika kwamba aliachishwa kwa kosa. Januari 2020 mdhibiti wa mabenki wa serikali kuu alimtoza Stumpf dola milioni 17.5 kutoka mfukoni mwake na kumpiga marufuku ya maisha kufanya kazi katika benki. Wenzake kadhaa walifunguliwa mashauri, wakiwemo wakuu wa ukaguzi wa ndani. (Soma tena hilo neno: ukaguzi wa ndani. Wale ambao kazi yao ilikuwa kuona.)

Jela je? Hapa ndipo wengi hukasirika. Mkubwa aliyekiri kosa la jinai alikuwa Tolstedt peke yake, na Septemba 2023 hakimu alimpa kifungo cha nje cha miaka mitatu, miezi sita kati yake akiwa amefungiwa nyumbani, na faini ya dola 100,000. Hata siku moja gerezani hakulala.

Lakini tazama kosa lenyewe. Hakushtakiwa kwa kufungua akaunti bandia, wala kwa kupanga tageti zisizowezekana. Kuweka tageti za kijinga si jinai. Alikiri kuzuia kazi ya wakaguzi wa serikali. Mwezi Mei 2015 kuliandaliwa waraka uliokwenda kwa mdhibiti, na ndani yake hapakuwekwa idadi ya wafanyakazi waliofukuzwa au kujiuzulu kwa ajili ya mauzo ya udanganyifu. Takwimu moja iliyoachwa nje ya waraka mmoja. Stumpf naye, alipolipa dola milioni 2.5 zaidi kwa mamlaka ya masoko ya hisa Novemba 2020, hoja ilikuwa kwamba alitia saini na kuthibitisha taarifa kwa wanahisa ambazo, kwa madai ya mamlaka, alipaswa kujua kuwa zinapotosha. Neno ni "alipaswa". Halikuwa "alijua".

Dada, ukichukua jambo moja tu katika jibu hili, chukua hilo. Mkubwa hanaswi na uovu uliofanyika kaunta. Hunaswa na karatasi yake mwenyewe: alichosaini, alichokificha kwa mdhibiti, au kazi aliyokabidhiwa kwa jina lake na hakuifanya.

Sababu yake ni ya kisheria, na ni ya zamani. Kampuni ni mtu mbele ya sheria, lakini ni mtu asiye na akili wala moyo wake, na jinai nyingi hudai nia. Kwa hiyo mahakama za Uingereza, ambazo sisi tumerithi mengi kutoka kwao, zilitafuta "akili inayoongoza" ya kampuni. Mfano wanaofundishwa wanafunzi wa sheria ni wa sabuni ya unga. Duka moja la Tesco, kampuni kubwa ya maduka ya Uingereza, lilitangaza bei ya punguzo, mteja akaikuta ya bei kamili, na kampuni ikashtakiwa. Tesco ikajitetea kwamba kosa ni la meneja wa duka, kwamba yeye ni "mtu mwingine" na si kampuni. Mwaka 1971 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ikakubali. Yaani meneja wa duka alikuwa mdogo mno kuwa kampuni, lakini mkubwa wa kutosha kubebeshwa lawama. Kampuni ikiwa kubwa, yenye ngazi nyingi, ndivyo inavyokuwa rahisi kwa aliye juu kusema hakuambiwa.

Na mara nyingi anasema kweli! Hilo ndilo linaloudhi. Bodi ya Wells Fargo iliambiwa mwaka 2015 kwamba waliofukuzwa ni 230. Ripoti ya uchunguzi wa bodi yenyewe, ya Aprili 2017, inasema wajumbe waliisikia ile namba ya 5,300 pamoja na umma, siku faini ilipotangazwa. Habari mbaya hupanda ngazi polepole na hupungua uzito kila ghorofa. Keshia anasema "tunalazimishwa", meneja wa tawi anaandika "kuna changamoto za utekelezaji", meneja wa kanda anaandika "matukio machache yamedhibitiwa", na bodi inasomewa mstari mmoja kabla ya chai. Nimekaa katika vikao vya namna hiyo kama mwanasheria wa kampuni, na nakiri kwamba mistari mingine niliilainisha kwa mkono wangu.

Kwa hiyo nchi ambazo zimejaribu kwa dhati hazikushughulika sana na kuongeza miaka ya jela. Zimejaribu kuua sentensi "sikuambiwa". Marekani, baada ya kampuni ya nishati ya Enron kuanguka Desemba 2001 kwa hesabu za udanganyifu, ilipitisha sheria mwaka 2002 inayomlazimu mkurugenzi mtendaji na mkuu wa fedha kuthibitisha hesabu kwa saini zao, na anayethibitisha kwa makusudi taarifa anayojua kuwa ni ya uongo anaweza kufungwa hadi miaka 20. Uingereza ilikwenda njia nyingine ninayoipenda zaidi. Tangu Machi 7, 2016, kila jukumu kubwa katika benki lina jina la mtu mmoja, na waraka wenye maelezo ya jukumu lake unakaa kwa mdhibiti. Mambo yakiharibika, hawaanzi kuuliza nani alijua. Wanaanza kwa kuuliza hili lilikuwa la nani, na je, alichukua hatua ambazo mtu makini angechukua. Mwaka 2018 mkuu wa benki ya Barclays, Jes Staley, alitozwa pauni 642,430 chini ya utaratibu huo, na kosa lake halikuwa wizi: alijaribu kumtafuta mfanyakazi aliyeandika barua ya siri ya malalamiko.

Usidhani Wazungu wamemaliza kazi. Volkswagen walipobainika Septemba 2015 kuweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi katika magari yapatayo milioni 11, mhandisi James Liang alifungwa Marekani miezi 40 na meneja Oliver Schmidt miaka 7. Mkurugenzi mkuu, Martin Winterkorn, alijiuzulu siku chache baada ya kashfa, akashtakiwa Marekani mwaka 2018, lakini Ujerumani haimkabidhi raia wake kwa Marekani. Kesi yake huko kwao ilianza Septemba 2024, ikasimama kwa sababu ya afya yake. Aliilipa kampuni euro milioni 11.2 kwa makubaliano. Hata huko kuna dagaa na papa.

Huku kwetu, tatizo la kwanza ni faini kuandikwa jina la kampuni. Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilizitoza benki tano jumla ya shilingi milioni 392.5 za Kenya kwa kupitisha fedha zilizohusiana na kashfa ya upotevu wa fedha za umma katika Huduma ya Vijana kwa Taifa bila kufanya uchunguzi uliotakiwa. Faini zile zilitangazwa kwa majina ya benki. Fedha za namna hiyo hutoka katika faida, na faida ni ya wanahisa, yaani wewe, dada, na hisa zako chache. Mwenye mali anatozwa kwa sababu mtumishi wake mkubwa alilala.

Tatizo la pili ni muda. Benki ya Imperial ya Nairobi iliwekwa chini ya usimamizi Oktoba 13, 2015, wiki chache baada ya mkurugenzi wake mkuu kufariki na wenzake kugundua udanganyifu wa mabilioni ya shilingi. Wiki hizohizo benki ilikuwa imekusanya shilingi bilioni 2 kwa hati fungani. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ilipotaka kuwaita wakurugenzi wajieleze, wao walikwenda mahakamani wakidai mamlaka haiwezi kuwa mpelelezi na hakimu kwa wakati mmoja. Shauri hilo lilipanda hadi Mahakama ya Juu, na uamuzi ulitolewa Desemba 2020. Miaka mitano, na kilichokuwa kinabishaniwa ni nani mwenye haki ya kusikiliza. Sisemi wakurugenzi walikosea kudai usikilizwaji wa haki. Mimi mwenyewe ningewashauri hivyo. Nasema mwenye akiba yake ndani ya benki ile hakuwa na miaka mitano.

Tanzania tunayo meno kuliko watu wanavyofikiri. Mkurugenzi na ofisa mwandamizi wa benki haajiriwi kama karani: Benki Kuu humchunguza kama anafaa, na chini ya Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006 ina uwezo wa kumwondoa. Hiyo ndiyo adhabu ninayoiamini kuliko zote. Mkubwa huweza kukata rufaa dhidi ya kifungo kwa miaka kumi, na faini anaweza kuilipa akaendelea na maisha, lakini akiambiwa hatakaa tena katika kiti cha benki yoyote, simu yake huacha kulia siku hiyohiyo. Kurejesha bonasi ni suala jingine. Hapa kwetu, kama mkataba wa ajira yake haukuandika kwamba bonasi itarudishwa mambo yakigundulika baadaye, mna kazi ngumu. Bodi zinazoandika kifungu hicho kabla ya kuajiri ni chache kuliko zinazokitamani baada ya kashfa.

Sasa wewe.

Andika. Leo usiku, kabla hujasahau, andika kwa mkono tarehe ulizokumbuka, saa za simu, maneno yaliyosemwa, na nani alikuwepo. Simu za jioni haziachi waraka, na mkubwa mwenye akili hupiga simu kwa sababu hiyohiyo. Ila simu yako ina orodha ya waliokupigia, na kundi lenu la WhatsApp la tawi lina jedwali za tageti. Ujumbe uliotumwa kwako wewe ni wako kuuhifadhi. Lakini usichapishe taarifa ya akaunti ya mteja hata moja ukaibeba nyumbani. Usiri wa mteja ni sheria, na ukiuvunja utakuwa umewapa sababu safi ya kukufukuza, na safari hii itakuwa halali.

Kisha peleka habari mahali panapostahili. Tanzania ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na ulinzi wake unakusudiwa kwa anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika. Anayemwaga kila kitu mtandaoni saa tano usiku asiutegemee. Kwa benki, mamlaka ya kwanza kufikiria ni Benki Kuu. Ukianza na mkaguzi wa ndani, fanya kwa maandishi na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kule Wells Fargo meneja mmoja wa eneo la Los Angeles alipiga simu ya siri ya malalamiko ya benki, na mwaka 2010 akafukuzwa. Serikali iliamuru arudishwe kazini na alipwe kama dola milioni 5.4 – mwaka 2017. Nakutajia miaka yote miwili makusudi, ili ujue unachokiingia.

Ukiitwa "kuelezea" na kuletewa karatasi ya kusaini kwamba mlipewa mafunzo ya maadili, au kwamba hukuwahi kushinikizwa, omba nakala ukaisome nyumbani. Kama si kweli, usisaini. Karatasi hiyo haiandaliwi kwa ajili yako. Inaandaliwa kwa ajili ya siku ambayo mtu ataulizwa kama aliambiwa.

Na hisa zako, hata kama ni mia mbili, zinakupa kiti katika mkutano mkuu wa mwaka. Sheria ya Makampuni, Sura ya 212, inampa mwanahisa njia ya kwenda mahakamani pia, kwa idhini ya mahakama, kuidai haki ya kampuni kwa niaba ya kampuni, lakini hiyo ni ghali na si ya kuanza nayo. Mkutano ni bure. Kama hutaki kuonekana ukisimama, mpe mtu mwingine uwakilishi kwa fomu, asome swali lako. Lisiwe hotuba. Liwe hivi: "Katika mwaka wa fedha uliopita, wafanyakazi wangapi wameachishwa kazi kwa akaunti zisizo na ridhaa ya mteja, nani katika menejimenti alikuwa na jukumu la tageti hizo, na je, bonasi yake ya mwaka huo imelipwa?" Kisha omba jibu liingizwe katika kumbukumbu za mkutano, kama lilivyotamkwa.